Chumba cha Carine

Jumatatu, 9 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimekaa dirishani ofisini nikitazama ukungu juu ya ziwa, nikajiona tayari nimekuwa chef. Mkuu wa informatique, wa kompyuta zote za koperative nzima ya kahawa! Maman Adélaïde, mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba Ijumaa atachagua kati yangu na mwenzangu Carine. Huduma yangu ya wavuti inapokea kilo za kahawa kutoka Kalehe. Ya Carine inakagua ujumbe tu. Maskini Carine.

Jumanne, 10 Machi
Nimemweleza Maman Adélaïde jukwaa letu la programu, la Java. Nikasema ni kama parcelle, ua mmoja wa wapangaji wengi: kila moduli, yaani kila huduma, ina chumba chake, ukifunga kimoja vingine vinaendelea. Alifurahi. Mimi zaidi. Wakati wa kurudi nyumbani, mtaa wa Kasha, niliwaza mlango wenye jina langu, nikapita nyumba yetu bila kuiona.

Jumatano, 11 Machi
Wazo! Ijumaa, mbele ya wote, nitafunga chumba cha Carine. Waone kwamba hatumhitaji. Sijui alinusaje, alikuja mezani akaniambia, "Papa Télesphore, ile module yangu usiiguse, ingine yote iko inapitia pale." Wivu mtupu! Nikatabasamu kama chef.

Ijumaa, 13 Machi
Ukumbi umejaa. Kilo za Kalehe zinaingia ukutani kwa projekta, maandishi ya kijani, taratibu. Uzuri ulioje! Nikamwomba Maman Adélaïde atazame vizuri, nikafunga chumba cha Carine. Kikazimika. Halafu changu. Halafu cha ghala, cha malipo, vyote. Ukuta mweupe. Kalehe wakapiga simu: kahawa iko kwenye mizani na hakuna anayewajibu. Maman Adélaïde akauliza, kwa upole unaoumiza, "Papa Télesphore, sasa wapangaji bote bamehamia wapi?"

Carine akafungua chumba chake, vingine vikaamka. Akawa chef kabla ya chai. Nimekaa chooni nikalia kidogo. Niliutaka sana ule mlango.

Jumapili, 15 Machi
Moyo umetulia baada ya misa. Nimeelewa yote: Carine alijiweka katikati makusudi ili aniangushe. Mtu wa hila.

Hapa parcelle nina adui mwingine, Gloire wa chumba cha mbele. Anafua tangu asubuhi huku akiimba, na mimi nilikuwa naota vizuri. Bomba la parcelle nzima linaingilia kwake, na koki iko nyuma ya ukuta wake. Nimenyata, nimeifunga. Sasa afue kwa mate! Mimi sina shida, bafu langu liko huku nyuma kabisa.

Kimya kitamu. Nimejipaka sabuni kichwa mpaka miguu nikiwaza ofisi nyingine, kubwa zaidi, yenye dirisha la ziwa.

Naandika jicho moja likiwa limefumbwa na sabuni. Maji yametoka kidogo tu, kisha yamekatika ghafla. Carine! Sijui amefikaje mpaka Kasha.