Nani Kaondoa "Loo"?

Jumatatu, 3 Machi

Usaliti! Shemeji, mdogo wa mke wangu, niliyemwombea kazi mwenyewe hapa kiwanda cha mikate, kanichongea kwa Mkurugenzi. Kasema programu ya tanuri imeshakomaa, inaoka miaka nenda rudi bila taabu, kwa hiyo mistari yangu ya kusaka hitilafu ifutwe. Ati nyumba ikishahamiwa, fundi huondoa ngazi zake. Mkurugenzi akacheka. Nikacheka pia, meno ya juu tu.

Mistari yenyewe haina ubaya. Zamani programu ilikuwa ikikwama, nikaiambia kila hatua iandike neno kwenye skrini: "nimefika hapa", "nimefika na hapa", "bado nipo", "loo". Hitilafu zikaisha, maneno yakabaki. Sasa ndiyo yanayoniweka mjini: mimi peke yangu najua maana ya "loo". (Nimesahau.)

Ijumaa Mkurugenzi anaamua. Yakifutwa, ukuu wangu wa kitengo unakwenda kwa Shemeji.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Mkurugenzi kwamba yale si maneno, ni mapigo ya moyo wa tanuri. Akauliza "loo" ni pigo gani. Nikaeleza kwa kirefu. Akafumba macho kwa tafakuri. Baadaye akakoroma kwa tafakuri.

Shemeji kaja na upole wake: tuweke swichi, maneno yaonekane wakati wa matengenezo, siku nyingine yanyamaze. Nikamwambia bwana mdogo, ulipokuwa unajifunza kufunga vifungo vya shati, mimi nilikuwa naoka mikate kwa kidole kimoja.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali! Wenzangu walipokwenda kula, nimeifuta mistari yote kwa mkono wangu. Programu kongwe ni kama mzee: mnyang'anye mkongojo, ataanguka. Na lawama kwa Shemeji. Si ndiye aliyekuwa akihubiri kufuta?

Haikuanguka. Ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Aibu gani hii!

Mara, moshi. Mwokaji mkuu, mama mwenye sauti ya kengele, kapanda ngazi, unga mpaka viwikoni, anauliza nani kaondoa "loo". Kumbe waokaji hufungua tanuri wakiiona "loo"! Miaka yote! Leo wamesimama wanaikodolea macho skrini, mikate ikawa makaa.

Nikamwelekeza kwa Shemeji, kwa kidevu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Mkurugenzi kaamuru "loo" irudi leo hii. Tatizo dogo: sikumbuki ilikaa wapi. Shemeji anayo nakala ya zamani, kasema niombe tu. Mimi nimwombe yule? Afadhali nitafune kibodi. Nikaiweka kwa kukisia.

Mikate imetoka mibichi. Mwokaji mkuu kanitupia mmoja. Umenata ukutani.

Shemeji akarudisha kila kitu kutoka kwenye nakala yake, ila penye "loo" akaandika "TOA MIKATE". Waokaji wakagoma. Wakasema hawaamrishwi na skrini. "Loo" wanaheshimiana nayo. Ikarudi "loo".

Ijumaa, 7 Machi

Uamuzi: "loo" inabaki daima. Mengine yote nyuma ya swichi ya Shemeji. Na ukuu? Shemeji! Nikamkumbusha Mkurugenzi nani alichoma mikate. Akasema anayeharibu kisha akatengeneza ni bora kuliko anayeharibu tu.

Mke wangu kampikia nduguye chai ya pongezi. Yangu nimejimiminia.

Mimi nimepewa tanuri la keki. Sawa. Nimeerevuka. Kosa langu lilikuwa kuandika maneno yanayosomwa na kila mtu. Kwenye programu ya keki nimefuta yote, hata moja halikubaki. Skrini tupu. Anayetaka kujua keki zimefika wapi, sharti aje aniulize mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa mlangoni kutwa, nimevaa uso wa kubembelezwa. Keki zimeungua zote. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Husuda tupu.