Nyumba Iliyokuwa Nafuu Hadi Nilipoinunua

Kwako Mkuu wa Ofisi ya Kodi ya Majengo,

Pole kwa kazi, ingawa naona mzigo wake mkubwa mmenitwisha mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Juzi nilinunua nyumba ya vyumba vitano ili nipangishe, mgongo nao upumzike. Kabla ya kulipa nilipiga hesabu kama mtu mzima: nilichukua pango la mwaka, nikatoa ukarabati, nikatoa kodi ya majengo kama ilivyo kwenye risiti ya bibi aliyeniuzia. Ilikuwa ndogo hata nikaionea serikali huruma. Mke wangu akauza cherehani yake tukajazia. Sasa mmeniletea kodi mara nane ya ile. Nimeumia, nasema wazi.

1. Karani wenu anasema bibi alipunguziwa kwa kuwa ni mzee na aliishi humo mwenyewe. Sawa. Lakini nyumba nayo ni nzee kuliko yeye. Kwa nini ahame na punguzo kama sufuria zake?

2. Mthamini wenu alikuja bila kujitambulisha, akawa anagongagonga kuta. Tukadhani anatafuta chumba. Mke wangu akamzungusha kote, akimwambia, "Paa hili jipya, na maji hapa hayakatiki." Paa lile, Mkuu, tunalijua sisi na ndoo zetu. Naye akaandika yote. Tangu lini maneno ya kumvutia mpangaji yakawa ushahidi?

3. Shemeji yangu alinionya niwaulize kwanza mmiliki mpya atalipa kiasi gani. Nikampuuza, kwani mjuaji ni mjuaji. Lakini ofisi yenu inatazamana na kibanda changu. Mlishindwa nini kuvuka barabara mkaniambia?

Kwa hiyo naomba nihesabiwe mzee. Mvi ninazo, na tangu barua yenu ifike zimeongezeka. Ikishindikana, tuseme bibi hajahama. Amekubali kutuachia kiti chake sebuleni.

Wasalimie makarani wote. Mthamini mwambie pindo la suruali yake limefumuka, alete nimshonee.

Ni mimi, mlipakodi kwa shingo upande,
Fundi wa ng'ambo ya barabara

Nyongeza: Usihangaike tena, nimepata mnunuzi, mwenye duka la jirani. Risiti ya bibi ameipenda sana. Ila anasema Jumatatu atavuka barabara awaulize ninyi kwanza. Watu wengine hawana imani kabisa. Naomba siku hiyo mfunge ofisi.