Bwana Eksi na Flati Saba

Jumatatu, 3 Machi
Kipindi changu cha bendi kiko hatarini. Nimepita nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu na kumsikia mwalimu wa hesabu, yule ambaye watoto wanamwita Bwana Eksi, akisema: "Kipindi cha bendi, mama, mimi nimeshakifikiria." Ameshakifikiria! Anakitaka kwa masomo yake ya ziada. Sikusubiri zaidi. Mtu mwenye akili hahitaji sentensi nzima.

Ijumaa Mwalimu Mkuu anakuja kutusikiliza. Watoto wasipojua skeli zao, zile ngazi za noti za muziki, bendi imekwisha. Leo nimeuliza skeli ya F inashusha noti gani. Mpiga tromboni, msichana tunayemwita Kidomo, akajibu: ile inayouma sikio. Ukifikiria sana, hajakosea.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Flati, yaani alama za kushusha noti, hupangwa daima vilevile mwanzoni mwa mstari: B, E, A, D, G, C, F. Watoto hawashiki herufi, wanashika maneno. Na mchana nimemwona Bwana Eksi mbele ya darasa lake, kidevu kifuani, amesinzia. Chaki ikamponyoka. Sentensi ikaja yenyewe, kila neno na herufi yake:

Bwana Eksi Amesinzia Darasani, Ghafla Chaki Fyatu!

Darasa lilicheka mpaka klarineti moja ikaanguka. Flati moja, unamshusha Bwana. Mbili, Bwana na Eksi. Kwa mara ya kwanza wamepiga skeli ya B-flati bila mtu kuumia.

Nimemsimulia shangazi, ambaye ninaishi naye. Akauliza huyo bwana amenikosea nini. Nikamwambia ni mbinu ya kufundishia. Akasema aha, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Machi
Korido nzima inaimba. Kidomo anaipiga kwa tromboni, "fyatu" ikiporomoka kama mtu kwenye ngazi. Nimewaonya: kesho hatuvuki flati mbili. Bwana Eksi ni jina tu, mtu na heshima yake. Balaa linaanza kwenye ya tatu. Kidomo akauliza, je, tukiulizwa? Nikasema nani atauliza? Kwa Mwalimu Mkuu, flati ni viatu visivyo na kisigino.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Sina pa kuuweka uso.

Mwalimu Mkuu hakuja peke yake. Alikuja na Bwana Eksi, ambaye alikaa mbele, mikono magotini. Watoto walipiga flati moja, kisha mbili, safi kabisa. Makofi. Nilishaanza kukusanya stendi za noti, mara Bwana Eksi akanyoosha kidole. Kama mwanafunzi! Akasema samahani mwalimu, naona alama zinaongezeka mojamoja kwa utaratibu, inapendeza sana. Je, zikiwa nne?

Nikasema muda umekwisha. Kidomo akasimama.

"Bwana Eksi Amesinzia Darasani!"

Wenzake, kwa moyo mmoja, wakamalizia flati tatu zilizobaki. Mpiga ngoma akagonga kwenye "fyatu". Wakacheka, kisha wakaacha wote kwa pamoja, na hapo ndipo palipouma.

Bwana Eksi akaitazama chaki iliyokuwa mfukoni mwa shati lake. Akahesabu kwa vidole. Akasema ahaa, imekaa sawa. Akaomba udhuru, akatoka.

Mwalimu Mkuu akanibakiza. "Binti yangu, unajua kwa nini anasinzia?" Masomo ya ziada yalikuwa yachukue kipindi changu. Bwana Eksi ndiye aliyekataa. Akajitolea kuyafundisha alfajiri, kabla ya kengele, ili bendi ibaki. Hilo ndilo alilokuwa amelifikiria. Ile nusu ya sentensi niliyoiacha mlangoni.

Bendi imebaki. Nimelia kwenye chumba cha ala, kati ya tuba na ndoo ya kupigia deki.

Jumatatu, 10 Machi
Nilijipanga kumwomba radhi. Nikamkuta mlangoni mwa chumba cha walimu, nikafungua mdomo, akanitangulia. Akaniambia kwa upole kwamba shapu, zile alama za kupandisha, zina mpangilio uleule ukisomwa kinyumenyume. Amehakikisha mwenyewe wikiendi. "Kwa hiyo huna haja ya kutunga sentensi nyingine, mwalimu. Utakuwa umemsitiri mtu."

Nikasema asante. Asante! Neno lilikuwa samahani, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaenda zake, taratibu, kama mtu anayebeba kitu asichotaka kimwagike.

Shangazi anasema darasa lake liko milango mitatu kutoka langu, niende nikaseme hilo neno moja, basi. Maskini shangazi. Hajasomea ualimu. Neno moja peke yake halikai kichwani mwa mtu.

Kesho ninafundisha mistari mitano ya noti: E, G, B, D, F. Nimeshatunga sentensi ya kumwomba radhi, na dada anayetajwa ni mimi mwenyewe, sijajipendelea hata kidogo:

Eksi, Geuka Basi, Dada Fedhuli!

Keshokutwa alfajiri bendi nzima itamwimbia dirishani, akiwa katikati ya masomo yake ya ziada. Ataguswa sana. Mpiga ngoma nimemwambia asijizuie.