Rangi ya Maji, Ndoo Nne

Jumatatu, 9 Machi

Kikao cha walimu. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha, nikimchora mkuu wa shule kwa siri huku nikionekana naandika kumbukumbu. Nilikuwa nimefika puani aliposema shule inahitaji maabara ya pili ya fizikia, na kwamba itabidi kuchukua chumba kimoja kisichotumika sana. Walimu wote wakageuka kuniangalia. Hata wa Dini.

Chumba cha Sanaa! Miaka kumi na moja nafundisha humo uchoraji na maigizo. Kisichotumika sana, maana yake nini? Kweli, mwezi uliopita kilifungwa wiki nzima, lakini nilikuwa natafuta ufunguo.

Uamuzi ni Ijumaa. Mkuu wa shule atapita na kamati ya wazazi wajionee kinachofanyika humo. Wakiridhika, kinabaki. Wasiporidhika, Sanaa inahamia kwenye korido ya jengo la utawala, kwa muda. Naijua "kwa muda" ya shule hii. Bomba la uani lilikatwa kwa muda nikiwa bado na nywele.

Wakati wa mapumziko nikamkuta Mwalimu wa Fizikia ndani ya chumba changu, na futikamba. Akanisalimia kwa upole, akaniomba nimshikie ncha ya pili. Nikamshikia. Sijui kwa nini. Wanafunzi wanamwita Volti. Mimi wananiita Pozi, nadhani kwa heshima.

Nina mkakati. Kwanza, maonyesho ya picha arobaini za rangi, kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili na yake. Rangi niliagiza wiki tatu zilizopita, na mtunza stoo ameniapia zinafika kesho. Pili, mchezo wa kuigiza ninaoutunga mwenyewe usiku huu, kuhusu mfalme ambaye waziri wake mwovu anataka kumnyang'anya jumba. Waziri anaingia akipima kuta kwa kamba. Sijamtaja mtu.

Mfalme nitakuwa mimi. Hakuna mwanafunzi mwenye sauti ya kutosha. Mke wangu anasema sauti yangu inawatosha mpaka majirani.

Jumanne, 10 Machi

Rangi zimefika. Ndoo nne, lita ishirini ishirini. Mbili za krimu, moja kijani ya hospitali, moja hudhurungi. Brashi sita za inchi nne. Na rola.

Nikaenda stoo damu ikichemka. Nikamwambia mtunza stoo kwamba niliagiza rangi za kuchorea, vile vikopo vidogo vya kuchovya brashi kwenye maji. Akafungua faili, akatoa fomu, akaweka kidole. Mwandiko wangu mwenyewe: Rangi ya maji, mbalimbali, ya kutosha. Akasema alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, wakamuuliza rangi ya maji ya vyumba vingapi, akawajibu kimoja. Akaongeza kwamba kama ningetaka ya mafuta, kwa ajili ya mageti, ningeandika ya mafuta.

Nikamwambia mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa. Akasema na yeye alidhani hivyo hivyo.

Sikukubali kuaibika mbele ya wanafunzi. Nikawatangazia kwamba tunaanza mtindo mpya wa sanaa kubwa, ndiyo maana nimeagiza ndoo. Tukajaribu kwenye karatasi za manila. Karatasi zikalowa, zikajikunja, kisha zikaganda kwenye madawati. Kuna dawati moja sasa lina mandhari ya milima ambayo haitoki.

Volti akapita mlangoni. Akaziona ndoo, akanishukuru kwa kuanza kumpakia maabara yake. Akasema krimu ni chaguo zuri, inaakisi mwanga. Alipokwisha kuondoka nikapata majibu matano.

Kuna binti mmoja hapo darasani, mtoto wa fundi cherehani wa pale ng'ambo ya uwanja. Haongei. Anajibu "naam" wakati wa mahudhurio na siku yake imeisha. Kwenye mchezo nimempa nafasi ya Nguzo ya Tatu, asimame tu. Basi leo, wengine wakibandua karatasi, yeye akachukua brashi, akamsimamisha mwenzake mbele ya ukuta wa nyuma, akaanza kuchora mstari kukizunguka kivuli chake. Nilikuwa naenda kumgombeza. Papo hapo wazo likanijia, mimi mwenyewe: ukuta! Wote arobaini, kimo chao halisi, kama raia katika ukumbi wa mfalme. Na katikati, Mfalme.

Ruhusa nitaomba baadaye.

Jumatano, 11 Machi

Ukuta unakwenda vizuri. Vivuli ishirini na sita. Kuna aliyejichora na mkoba, kuna mapacha waliopeana mkono, kuna mmoja kajiongezea kimo, nikajifanya hamnazo. Pembeni kabisa wamemchora Volti na futikamba yake. Nikawaambia wamfute. Wakasema bado hajakauka. Nafasi ya Mfalme nimewakataza kuigusa, nitaipaka mwenyewe.

Saa nne nikaona niongeze mkakati wa tatu, wa chinichini. Nikamsogelea Volti ofisini, nikamnong'oneza kwa masikitiko kwamba namwonea huruma, kwa sababu dari ya kile chumba imejaa popo na vinyesi vyao vitaharibu vyombo vyake vyote. Popo hakuna. Nilizua pale pale, na nilijivunia.

Uso wake ukang'aa. Akasema muhula mzima anatafuta mfano hai wa mwangwi, na kwamba popo ndio wenyewe, wanaona njia kwa masikio. Akanishika bega. Akasema hakujua kama naijali fizikia.

Baada ya chakula cha mchana akaja na Kidato cha Nne kizima. Wakafunga madirisha, wakaketi gizani, madaftari magotini, wakingoja popo. Dakika arobaini bila neno. Sisi na jumba letu la kifalme tukafanya mazoezi nje kwenye sehemu ya kuegesha baiskeli.

Mkuu wa shule akapita, akachungulia mlangoni. Akaniambia kwamba tangu ahamie hapa hajawahi kukiona chumba hiki kikitumika kwa utulivu namna ile. Akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Nilijitahidi kukisoma kichwa chini. Liko neno "fizikia".

Popo walioonekana: sifuri. Volti akasema sifuri nayo ni matokeo, na wameyaandika.

Alhamisi, 12 Machi

Mazoezi ya mwisho. Nimewafundisha wanafunzi kwamba sauti inatoka tumboni. Nikawaonyesha. Nikawaonyesha tena, kuanzia saa mbili mpaka saa tisa. Mwalimu wa Hesabu akaja kuuliza kama kuna mtu kaumia.

Waziri mwovu anasahau maneno yake. Nguzo ya Tatu anayafuatisha kwa midomo bila kutoa sauti. Nimegundua anafuatisha maneno ya kila mtu, hata yangu. Nikamkumbusha kwamba nguzo haina midomo.

Joho la Mfalme tatizo. Nimechukua pazia la sebuleni, lile jekundu. Kuazima. Mke wangu yuko kazini mpaka jioni na mimi ni mwenye nyumba pia.

Volti kaleta taa mbili na karatasi za plastiki za njano, akasema ni shukrani kwa ajili ya wale popo. Akapanda ngazi, akazifunga mwenyewe, akaunganisha nyaya. Ukuta wote ukawaka, raia arobaini wakaonekana wanapumua. Hila tupu. Anataka kuonekana mwema mbele ya wazazi. Nimeziacha taa, lakini sikumshukuru kwa sauti kubwa.

Kisha nikampaka Mfalme. Saa moja na nusu. Ametoka vizuri, ila macho yamekaa kama ya mtu aliyeulizwa swali.

Nyumbani. Mke wangu akauliza kwa nini jirani wa mbele ametupungia mkono tukiwa tunakula. Nikamwambia ni mtu mchangamfu. Akatazama dirisha. Nilipoanza kujieleza koo likakwaruza. Akanipa maji ya vuguvugu na chumvi, akasema pazia lirudi kesho likiwa kama lilivyotoka.

Ijumaa, 13 Machi

Niliamka sina sauti. Hata kidogo. Nikifungua kinywa natoa mlio wa mlango wa kabati. Nikamwandikia mke wangu kwenye karatasi kwamba nimepatwa na janga. Akasoma, akatabasamu zaidi ya ilivyostahili.

Nikajikaza kisabuni. Mwigizaji wa kweli huigiza kwa uso. Nikawahi shuleni, nikamwongezea Mfalme wa ukutani rangi usoni, nzito, ili apate heshima. Hiyo ilikuwa saa tatu. Kamati iliingia saa nne.

Walikuwa kumi na wawili, na mkuu wa shule mbele na kile kijitabu. Wakakaa kwenye madawati, mmoja kwenye lile la milima. Volti akasimama nyuma kwenye swichi za taa.

Waziri akaingia na kamba yake. Akapima kushoto, akapima kulia. Akaniuliza, bila kusahau hata neno moja, jumba hili ni la nani. Hapo ndipo penye hotuba yangu. Dakika tatu nzima. Nilikuwa nimeiandika usiku kucha Jumatatu, na kila neno nililiandika nikifikiria chumba hiki.

Nikafungua kinywa. Hewa. Nikajaribu tena. Mzee mmoja wa kamati akajikohoza ili kunisaidia. Nikaiona korido ya utawala, mimi na madawati yangu kati ya mashine ya kuchapia na choo cha wageni. Niliogopa, na nakiri niliogopa sana.

Ndipo nguzo ikasema.

Haikuwa sauti kubwa. Lakini ilifika mlangoni. Nguzo ya Tatu, bila kusogea, mikono imenyooka ubavuni, alisema jumba hili si kuta, ni watu waliosimama ndani yake. Kisha akaendelea. Hotuba yangu yote, polepole, hata pale nilipofuta na kurudisha. Waziri akageuka, akaanza kubishana na nguzo. Volti akaielekeza taa kwenye ukuta wa nyuma, na wale arobaini waliochorwa wakatokea nyuma ya wale arobaini waliosimama. Hakuna aliyekohoa tena.

Mimi nikawa sina kazi. Nikarudi nyuma taratibu kwa majonzi ya kifalme, mpaka nikaegemea ukuta. Nikakaa hapo mpaka mwisho, nikitikisa kichwa panapostahili.

Tulipoinama kuaga nikaona niiname na mbele ya ukuta pia, kwa madoido. Nikawapa wazazi mgongo. Kicheko kilichozuka sijawahi kukisikia shuleni hapa. Mfalme alikuwa amehama. Uso wake mzima ulikuwa kwenye pazia la mke wangu, macho mabegani, mdomo kiunoni. Ukutani pamebaki ukungu wa hudhurungi. Mwenyekiti wa kamati alifuta machozi kwa tai.

Fundi cherehani alikuja mbele na tepu yake bado shingoni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema binti yake hajawahi kusema maneno mengi hivyo mahali pamoja, hata nyumbani, na kwamba amesikiliza kila neno. Nilisikia furaha na nilisikia wivu. Wivu ulitangulia kidogo tu.

Kisha mkuu wa shule akafunga kijitabu. Akasema ukweli ni kwamba alikuwa ameshaamua. Kama zingekuwa picha za karatasi, angezihamishia korido Jumatatu asubuhi. Lakini ukuta hawezi kuuhamisha, na hayuko tayari kuwa mtu aliyewapaka chokaa watoto arobaini. Akamgeukia Volti. Volti akasema hata yeye asingeweza kupigilia rafu juu ya uso wake mwenyewe. Akaomba apewe stoo ya zamani ya vitabu, hapo mlango wa pili.

Chumba ni chetu! Nilipiga kelele, ingawa hakuna aliyesikia.

Mkuu wa shule akaniuliza ni nani aliyeidhinisha ukuta upakwe rangi. Nikagusa koo langu kwa huzuni, nikatoka.

Jumamosi, 14 Machi

Sauti inarudi. Nimekuwa na nafasi ya kutafakari, na naona kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Kupotea kwa sauti yangu ndiko kulikomfungua yule binti. Mwalimu wa kawaida angesema maneno yake mwenyewe na kuharibu kila kitu. Nimeanza kuandika mchezo wa muhula ujao. Nimempa yule binti nafasi kubwa zaidi: Nguzo ya Kwanza.

Mfalme wa ukutani nitampaka upya, safari hii mkubwa zaidi. Wanafunzi wanasema ukungu ubaki ulivyo. Hawajakomaa kisanaa.

Mke wangu amelifua pazia mara tatu. Mfalme hatoki. Amelitundika hivyo hivyo, uso ukitazama nje, na jirani wa mbele hatupungii tena.

Nilipita shuleni asubuhi kumpelekea mtunza stoo fomu ya muhula ujao. Tutaanza ufinyanzi. Nimeandika kwa mwandiko safi, mtu asije akanisingizia tena: Udongo, wa kutosha.

Akasoma mara mbili. Akaniuliza udongo gani. Nikamwambia udongo ni udongo, mtu yeyote mwenye akili timamu ataelewa. Akainua mabega, akagonga muhuri. Kisha akaniuliza kama geti la shule linaweza kupitisha lori la tani kumi.

Swali la ajabu. Watu wa stoo wana mawazo yao.