Fundi Yuko Njiani, Bonyeza Hapa Umwone

Fundi wa mafriji anaruhusiwa uongo mmoja tu duniani, nao ni kusema "niko njiani." Mengine yote ni dhambi. Huu mmoja, jamani, hata mteja mwenyewe angeshtuka asipoambiwa! Mteja anajua fundi hayuko njiani, fundi anajua kuwa mteja anajua, na maisha yanasonga.

Sasa pale ofisini kwetu tulikuwa na mwenzetu aliyeufanya uongo huo kuwa fani. Alikuwa njiani akiwa kitandani. Alikuwa njiani akiwa bafuni, na maji unayasikia kwenye simu yakimwagika. Siku moja alimwambia mteja kwamba yuko njiani, anakata kona ya mwisho, kumbe mteja kasimama nyuma yake kwenye foleni ya benki. Tukambandika jina la Fundi Njiani. Hakuchukia. Alisema jina hilo ni la mtu mwenye mwendo.

Nimemjuaje? Mimi ndiye mpokea simu wa ofisi. Yeye akiwa njiani, matusi yanafika kwangu.

Lakini haki yake nimpe. Mikono yake ilikuwa na baraka. Friza iliyokufa, iliyokwisha kuliliwa na wenyewe, akiigusa tu inaanza kunguruma. Shida haikuwa mikono, shida ilikuwa miguu. Na mdomo, bila shaka.

Basi Mama Bosi akanunua programu mpya ya kuendesha kazi. Kila kitu kikahamia kwenye simu: mteja anaandikishwa humo, fundi anapokea kazi humo, akimaliza mteja anampa alama humo humo. Mama Bosi akatangaza kwamba mwisho wa mwezi, fundi mwenye alama nyingi kuliko wenzake atakuwa mkuu wa mafundi na atakabidhiwa funguo za gari la kampuni. Gari lenyewe mlango mmoja hufungwa kwa kamba, lakini gari ni gari.

Cheo hicho Fundi Njiani alikitaka kwa kufa na kupona, kwa sababu alikuwa ameshakitumia.

Ndiyo! Alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na baba. Mzee huyo alistaafu kazi ya kukagua mizani za wafanyabiashara, maisha yake yote akiwakamata watu kwa upungufu wa punje. Siku alipomuuliza kijana anafanya kazi gani, kijana akafungua mdomo, ukatoka ukuu wa mafundi. Akaongeza kwamba siku hizi bisibisi haishiki, anaelekeza tu kwa kidole. Mzee akamwambia arudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi na ndugu yake mmoja, wazungumze mambo ya ndoa. Kwa hiyo cheo kisipopatikana, mkwe angekuja kuugundua upungufu, na huo haukuwa wa punje.

Wiki hiyo hiyo akaja binti aliyeitengeneza ile programu. Akafungua kompyuta yake, akatuuliza kwa upole tungependa kiongezwe nini. Mpenzi msomaji, usiwaulize mafundi swali kama hilo. Fundi wa viyoyozi aliomba programu iwakatae wateja wote wenye mbwa. Mimi niliomba kitufe cha kumkatia simu mtu anayetukana, ila kwa heshima, asikie kama mtandao ndio umekatika. Mama Bosi aliuliza kama inaweza kumkumbusha mumewe kununua gesi.

Fundi Njiani akasimama. Akajikohoza kama mgeni rasmi anayezindua daraja. Akasema sisi tunaomba vya kitoto, yeye anaomba vya maendeleo.

Kwanza, kazi ikiingia, programu yenyewe imwandikie mteja kwamba fundi yuko njiani, ili fundi asipoteze muda wake kuandika. Yaani alikuwa anaomba mashine ya kumsaidia kudanganya, maana mwenyewe alikuwa amechoka! Pili, mteja aone kwenye ramani nukta ya fundi wake inavyotembea. Hili alilisema huku akimkodolea macho fundi wa viyoyozi, ambaye hupenda kusimama kwa muuza kahawa. Tatu, fundi atakayezima simu akiwa na kazi, alama zake zote zifutwe. Hapo pia alikuwa akimlenga yule yule, ambaye simu yake huishiwa chaji kila anapoingia kwa muuza kahawa.

Yule binti akamtazama vizuri. "Kaka, una hakika na haya yote?"

"Dada, wewe andika. Kazi hii naijua mimi."

Tulipokuwa tunatoka nikamvuta pembeni, nikamuuliza kama ameielewa vizuri hiyo nukta, kwamba na yeye atakuwa nayo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia wateja wetu ni watu wazima, kutafuta miwani tu ni nusu saa, nani atakaa kutazama nukta?

Jumamosi ikafika. Fundi Njiani na fundi wa viyoyozi walikuwa wamelingana alama, hakuna aliyemzidi mwenzake. Na mimi nilikuwa nimepandishwa cheo bila kuomba, nimekuwa dada mkubwa wa bwana harusi mtarajiwa, kwa kuwa ndugu zake halisi wako mbali. Ofisi yetu hufungwa mchana siku hiyo, kwa hiyo mimi nilikuwa huru. Yeye hakuwa huru. Asubuhi hiyo alikuwa ameshapokea kazi tatu, ili amwache mwenzake kwenye vumbi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: tuingie ukweni, tuzungumze chapuchapu, tutoke, abadilishe nguo, awahi wateja.

Alivaa suti. Sijui aliazima kwa nani, ila mwenye suti alikuwa mnene.

Tukakaribishwa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mchumba mtu akatuletea maji ya kunywa, akainama kwa adabu, akarudi kukaa karibu na mama yake. Nikanywa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikatazama pembeni, nikaona friji kubwa limesimama kimya, mlango wazi, ndani zimepangwa sahani na vikombe. Nikamtazama Fundi Njiani. Na yeye aliliona, akageuza shingo haraka akaanza kuisifu saa ya ukutani. Mtu anayeelekeza kwa kidole haulizi habari za friji.

Mzee alikuwa na maswali ya polepole, kila moja kama jiwe la mzani. Una watu wangapi chini yako? Unawapangaje? Kijana akajibu kwa mbwembwe, anawapanga kwa programu ambayo kwa kweli yeye ndiye aliyeibuni. Nikakohoa. Akaendelea. Simu mfukoni mwake ikaanza kuita. Akaikata. Ikaita tena. Akaikata. Ilipoita mara nyingine jasho likamtoka, akaingiza mkono ndani ya koti, akaizima kabisa. Hapo alama zake za mwezi mzima zikaondoka duniani, na aliyeiomba adhabu hiyo ni yeye.

Nje ikasikika sauti ya magurudumu, kisha hodi.

Mzee akaenda mlangoni. Alikuwa mama mmoja muuza barafu, simu ameishika mbele ya uso kama tochi, na nyuma yake vijana wawili wanahema juu ya mkokoteni. Juu ya mkokoteni imelala friza.

"Karibu, mama," mzee akasema. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta fundi wangu, baba. Yuko njiani tangu asubuhi. Nikaitazama nukta yake, nikaona hiyo njia imekuja kuishia kwenye kochi lako, na hata alipozima simu haikubanduka. Nikasema kama haji kwenye friza, friza itakuja kwake."

Fundi Njiani akajaribu kuzama ndani ya suti, na nafasi ilikuwepo. Akasema kwa sauti ya kikubwa kwamba yeye ni mkuu, atamtuma kijana wake mmoja aje ashughulikie.

"Mkuu wa nini?" mama wa barafu akamuuliza. "Si wewe ulilala chali chini ya friza hii mwaka jana, kaptula imechanika?"

Mchumba akashika mdomo wake kwa viganja viwili, mabega yakawa yanamtikisika. Hata hajajibiwa yule mama, ikapigwa honi. Muuza nyama alikuwa amefika na gari la mizigo, friza imefungwa kamba. Naye nukta ilimwelekeza vizuri, akaisifu sana. Bado tunamshangaa huyo, akaingia mwalimu mstaafu, miwani puani, amebeba kwapani mlango wa friji. Mlango peke yake! Alieleza kwamba palipoharibika ni hapo tu, hakuona sababu ya kubeba kilichobaki.

 Niliona aibu mimi, dada mtu wa kuazima, nikatamani nirudi kuwa mpokea simu.  Fundi Njiani macho yake yalikuwa kwa mchumba tu.

Mzee akavitazama vyombo vyote kimoja kimoja, kisha akamgeukia.

"Kijana, nilifundishwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako haina hata hatua moja. Vua koti."

Akavua. Nikamletea mfuko wa vifaa, ambao, msinicheke, nilikuwa nimeubeba kwenye mkoba wangu kwa sababu huyu mtu namjua. Akapiga magoti uani, mikono ya shati ameikunja, akaanza na friza ya mama wa barafu. Mzee akavuta kigoda, akakaa karibu, akamkagua kama alivyokuwa akikagua mizani. Hakupata pa kumkamatia. Friza ikanguruma. Ya muuza nyama ikanguruma. Mlango wa mwalimu ukapata mpira mpya na bawaba zikanyooka, akaondoka nao kwapani akiimba.

Wateja wote watatu walimpa alama kamili kwa ufundi na sifuri kwa kufika, ingawa hazikuwa na pa kuingia, maana alikwisha kufutwa kwenye hesabu ya mwezi. Mwisho wa mwezi funguo za gari zikaenda kwa fundi wa viyoyozi, na hadi leo ukitaka kujua gari liko wapi, nenda kwa muuza kahawa.

Jua lilikuwa limepungua Fundi Njiani alipokuja kusimama mbele ya mkwe, mikono imejaa grisi. Akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba yeye si mkuu, ni fundi wa kawaida, na kwamba yeye anampenda kweli binti wa mzee, hilo halikuwa na upungufu.

"Mkuu asiyeshika bisibisi nilikuwa nimeshamkataa," mzee akasema. "Ningemweka wapi? Lakini fundi nina haja naye. Umekuja hapa siku zote unakunywa maji ya moto, friji unaliona limekuwa kabati, unasifia saa! Kalitengeneze. Likiganda maji, tutazungumza."

Maji yaliganda. Wakazungumza. Ndoa ikapangiwa tarehe.

Lakini mkagua mizani hastaafu moyoni. Kabla sijaaga aliniomba namba ya simu ya yule binti wa programu. Alisema na yeye ana ombi lake dogo, anataka kiongezwe kitu kimoja tu, kwa siku moja tu. Nilipoulizia ni kitu gani akanijibu kwamba nitakiona.

Nilikiona siku ya harusi. Ukumbi umejaa, bibi harusi ameshakaa, maua yameshapangwa, mwenye kipaza sauti ameshachoka kutusalimia. Mara simu zote ukumbini zikalia kwa pamoja. Ujumbe ulikuwa mmoja:

*Bwana harusi yuko njiani. Bonyeza hapa umwone.*

Ukumbi mzima ukainamia simu. Wazee kwa watoto, mama wa barafu, muuza nyama, mwalimu na miwani yake. Nukta ilikuwa nyumbani kwa bwana harusi, chumbani, upande wa kitanda. Tukaitazama. Tukaitazama tena. Ilisogea kidogo, ikafika bafuni, ikatulia.

Baba mkwe akaikunja miwani yake taratibu, akaiweka mfukoni, akatoka nje.  Bibi harusi alikwisha kusimama, gauni amelikunja mkononi, viatu ameshika, anacheka. Nasi tukamsikia mzee huko nje akiita:

"Leteni mkokoteni!"