Picha Yangu Haishuki Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kliniki. Damu inachemka. Picha yangu inataka kushushwa!

Ile ya koridoni, karibu na dirisha la dawa. Mimi, gauni la kijani, mkono kiunoni, mwaka mmoja baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo. Picha pekee maishani ambayo sikujificha nyuma ya binamu zangu. Kabla ya hapo nilikuwa siwezi kuinama kufunga kiatu. Mume wangu alinifungia, akijifanya kadondosha kitu sakafuni ili nisione haya. Halafu nikapungua. Halafu nikashika mimba. Halafu akaja Bosi, ana miezi saba, meno hana, lakini nyumba nzima inamtii. Tangu azaliwe nakula nimesimama kama mlinzi wa zamu, na kilo zimeanza kurudi.

Mtaalamu wa Lishe hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema kwa upole kwamba daktari alipunguza tumbo, hakupunguza tabia, na tabia ni kazi yangu mimi. Nirudi kwenye utaratibu. Samaki, nyama au yai kwanza, mboga baadaye. Tonge dogo. Nitafune taratibu. Nisinywe kitu wakati wa kula. Sukari niiogope. Na kila mlo niupige picha, niitume kwenye kundi letu la simu, yeye aone.

Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja wagonjwa wapya. Mmoja wetu atachaguliwa ale mbele yao, wajifunze. Huyo ndiye picha yake itakaa koridoni.

Mmoja wetu! Yaani mimi au Bi Mizani. Tulipasuliwa wiki moja, tukajifungua mwaka mmoja. Anatembea na mizani ya jikoni ndani ya mkoba. Anapima zabibu!

Picha haishuki. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya maisha mapya. Imeisha saa nne asubuhi.

Kazi yangu ni kupamba keki. Najua, najua. Ni kumpa fisi bucha alinde. Krimu ilibaki kwenye mfuko, nikaimaliza mimi. Jioni Bosi akaacha ndizi yake ya kupondwa. Ya mtoto haihesabiki. Koo likakauka, nikashusha glasi ya juisi tamu kwa mkupuo mmoja.

Haikuchukua muda. Jasho. Moyo mbio. Kizunguzungu. Ndivyo sukari inavyomfanya mtu mwenye tumbo kama langu: inapita mbio, haipigi hodi, na mwili mzima unalipa. Nikalala sakafuni jikoni. Mume wangu akauliza nafanya nini. Nikasema mazoezi. Akaniletea mto, akakaa kando yangu.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Sitaki kurudi kule nilikotoka.

Kesho naanza kwa nguvu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Nimepika sahani ya haki. Yai la kuchemsha, nusu mbili. Kipande cha samaki wa kuchoma. Mboga za majani. Samaki nikampaka mafuta kidogo kwa brashi ya keki, akang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikapiga picha, nikatuma. Mioyo ikamiminika kwenye kundi! Bi Mizani akatuma dole gumba. Moja tu. Kijicho kinamla.

Nikataka kuketi nile. Bosi akalia. Nikambeba, nikambadilisha nepi, nikamnyonyesha, akalala, nikarudi. Chakula kimepoa. Nikala biskuti juu ya sinki.

Sahani aliila mama mkwe. Amekuja kunisaidia kulea. Tangu mwanzo hakutaka nipasuliwe. Alisema ukoo wao hakuna aliyewahi kukatwa tumbo, na wote wamezikwa wakiwa wazima. Amesema chakula hakitupwi. Akaketi, akala tonge dogo dogo, akatafuna taratibu kwa sababu meno yake hayana haraka. Yaani kafuata utaratibu wote bila kufundishwa!

Jumapili, 9 Machi

Tumegawana kazi. Mimi napika na kupiga picha. Mama mkwe anakula. Biskuti zangu hazimsumbui mtu.

Leo amepanda ngazi na Bosi mkononi, mpaka juu, bila kumlaani fundi aliyezijenga. Amesema magoti yamepoa. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Bi Mizani katuma tango alilolichonga kama waridi. Waridi! Anamchongea nani? Mimi ndiye ninayelala na kuamka na maua ya keki! Nikachonga karoti bustani nzima, na kipepeo juu yake. Kundi likalipuka. Mtaalamu akaandika kwamba anajivunia mimi, kwamba akina mama wengi wenye watoto wachanga hukata tamaa, ila mimi nimesimama imara.

Hapo palinichoma kidogo. Nikajiliwaza kwa biskuti.

Jumanne, 11 Machi

Kupika kila siku kwa ajili ya picha ni utumwa. Leo nimekata minyororo.

Wazo limenijia kazini. Zile keki za dirishani si keki. Ndani ni boksi, juu ni sukari iliyokandwa, na zinakaa miezi bila kuharibika. Sasa kama keki inaweza, sahani ishindwe na nini?

Wenzangu walipoondoka nikakanda sukari. Nikafinyanga yai, nikaweka kiini cha rangi ya njano. Nikafinyanga samaki, nikamchora magamba kwa ncha ya kisu na michirizi ya moto kwa brashi. Majani ya mboga nikayakunja moja moja. Mikono yangu hii! Nilikaribia kulia. Sahani haiozi, haipoi, haidai gesi. Asubuhi naipiga picha karibu na dirisha, mchana naihamishia sahani ya bluu, jioni naigeuza upande.

Mama mkwe akauliza samaki wake yuko wapi. Nikamweleza mpango wote kwa fahari. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ni vizuri, mama, nitafika mapema.

Amenuna. Si kwa sababu ya uongo, kwa sababu ya samaki. Baadaye kaingia jikoni mwenyewe, kapika, kaketi, kala. Ameanza na yai. Akaniuliza kama nataka. Nikasema nimeshiba. Alinitazama muda mrefu.

Ijumaa, 14 Machi

NIMECHAGULIWA! Mtaalamu ametangaza kwenye kundi. Bi Mizani katuma dole gumba. Nadhani kidole chenyewe kilikuwa kinatetemeka.

Kesho si mchezo, kesho ni kula mbele ya watu. Kwa hiyo nimepika sahani ya kweli, yai, samaki, majani, nikaipanga sawasawa na ile ya kwenye picha watu wasishangae. Nimeitia kwenye kopo lenye kifuniko cha bluu. Ile ya sukari nayo nimeitia kopo la aina hiyo hiyo. Mwenye duka letu la keki ameisikia sifa yake, anataka kuiweka dirishani, nitampelekea nikitoka kliniki.

Mama mkwe kanishauri niweke alama kwenye makopo. Nimemwambia fundi hapotezwi na kazi ya mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi amepotezwa na kazi ya mkono wake mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Wagonjwa wapya mbele, macho yamewatoka. Bi Mizani pembeni, mizani mapajani. Mama mkwe na Bosi nyuma kabisa, na kopo la pili kwenye begi la nepi. Nikafungua kopo. Nikatazama. Yai, samaki, majani. Nikatabasamu. Nikauma yai.

Sukari.

Ningeweza kutema. Ningeweza kusema nimekosea. Lakini Mtaalamu alikuwa anawaeleza jinsi ninavyotafuna, na watu wote wananitazama mdomoni. Nikatafuna. Taratibu! Nikameza. Nikauma tena. Mtaalamu akasema haya sasa samaki. Mgongo wa samaki ulivunjika kwa mlio wa pipi. Nyuma kule mama mkwe alikuwa anatikisa kichwa mpaka kilemba kikalegea.

Halafu jasho. Moyo. Nikashika meza, meza ikanikwepa. Nikajikuta chini.

Mtaalamu akaja mbio. Akamvunja samaki, akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole. Aliyenipepea ni Bi Mizani, akiniambia dada pumua, itapita, na mimi yalinipata wiki iliyopita. Wema wake uliniuma kuliko tumbo.

Mama mkwe akasimama. Kasema yote! Biskuti, picha, nani alikuwa anakula sahani. Akasema magoti yake ni shahidi. Nikafumba macho. Halafu akawaambia wasinicheke. Huyu mwanangu, alisema, tangu ajifungue hajaketi akala. Mtoto anakula, mume anakula, mimi nakula, yeye anasimama. Mtu asiyeketi ataanzaje kula vizuri?

Nikalia. Nililia kama Bosi, bila aibu. Hakuna aliyewahi kulisema hilo, hata mimi mwenyewe.

Moyo ulipotulia, mama mkwe akanivutia kiti. Akafungua kopo la pili, akampa Bi Mizani mtoto, akakaa mbele yangu. Akasema yai kwanza, mwanangu, hatuna haraka. Nikala. Nimeketi. Tonge dogo dogo, mbele ya ukumbi mzima, mpaka nikashiba kweli na kuacha kipande cha samaki. Wakapiga makofi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anafuta machozi. Amesema sasa haogopi kuja kupasuliwa, maana ameona hata ukianguka unaokotwa.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimekula yai, nimeketi, Bosi akilia kwa baba yake. Jana vilevile. Biskuti mama mkwe amewagawia majirani bila kuniuliza.

Mtaalamu kapiga simu. Sauti ya upole, nikajua kuna jambo. Picha ya gauni la kijani imeshushwa. Mahali pake amewekwa mama mkwe na sahani yake! Hajapasuliwa hata kidole! Bi Mizani ameshalalamika, na kwa mara ya kwanza tuko upande mmoja.

Lakini kuna picha nyingine. Mtu aliipiga Jumamosi. Mimi chini, uso umelowa jasho, kipande cha samaki wa sukari mkononi. Wanataka kuiandika "Hivi ndivyo sukari inavyofanya" na kuitundika kwenye mlango mkuu. Akaniuliza kama itaniumiza. Nikamuuliza ukubwa.

Kubwa kuliko mlango! Kila anayeingia ataniona kabla hajamwona daktari! Bi Mizani naye yumo, ila umeonekana mkono tu.

Na si hivyo tu. Wanataka kila kundi jipya likija, nije niwasimulie yaliyonikuta. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Ila hadithi bila kuonyesha haina nguvu, na sukari siitii mdomoni tena. Ndipo nikakumbuka ile sharubati nzito tunayopaka matunda juu ya keki yaonekane yamelowa. Ukiipiga kwenye paji la uso kwa brashi nyembamba, ni jasho tupu! Nimeijaribu sasa hivi kwa mama mkwe, amesinzia kwenye kochi na Bosi kifuani.

Ameamka, amejitazama kwenye kioo, ameuliza kwa hofu kama anaumwa. Nimemwambia hapana, mama, ila legea kidogo hivyo hivyo, nipige picha.