Kukataa Chumba cha Nyuma kwa Ushahidi wa Hosteli

Kwa Mama Mkwe mpendwa, fundi cherehani na mwenye kauli ya mwisho nyumbani kwenu,

Yah: KILE CHUMBA

Lakini, kama nilivyokuwa nasema kabla simu haijakatika (na haikukatika yenyewe, niliikata mimi kwa kidole gumba kwa kuwa sikujua ile sentensi niimalizie wapi), hatutaweza kuhamia katika chumba cha nyuma ulichotuandalia. Nasema hivyo kwa heshima zote, na kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, ule uliosifiwa na mwalimu wa kidato cha pili. Najua umeshahamishia cherehani barazani. Najua wifi amepata uhamisho wa kazi, na kwamba usipopata jibu letu mwezi huu chumba utampa mpangaji. Najua pia umeshona mapazia. Wifi ameniambia yana maua ya njano, na mimi rangi ya njano naipenda kuliko zote, jambo linaloifanya barua hii iwe ngumu kidogo kuandika.

Hata hivyo, binti aliyesoma hakatai bila ushahidi. Tangu harusi, mimi na mwanao tunaizunguka nchi hii ya visiwa na mabegi mgongoni, tukilala katika hosteli, yaani tukiishi hasa yale maisha unayotuitia: kuta za mbao, bafu moja, friji moja, na watu wanaoingia na kutoka kama wale wanafunzi wako wa cherehani. Naomba basi nisikilizwe kama mtu aliyeyajaribu.

Wewe ulidhani tuko hotelini. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini mwanao aliona picha ya wasafiri wamekaa juu ya mabegi yao wakicheka, akasema fungate ya kukaa mahali pamoja ni ya wazee, yeye anataka mke wake aone kila kisiwa. Nilikuwa nautazama mdomo wake ukitamka "mke wangu", na nikakubali kabla hajamaliza. Akinitamkia neno hilo naweza kukubali kuhamia juu ya nguzo ya umeme.

Yeye alifungasha fulana chache na spana. Mimi nilifungasha viatu vya visigino virefu, foronya za harusi, albamu ya picha, na ile pasi ya umeme uliyotupa zawadi. Ndiyo, Mama. Nimezunguka visiwa na pasi mgongoni. Kila nilipopanda ngazi ya boti ilinigonga kiunoni, nami nikatabasamu, kwa kuwa nilikuwa nimejiapiza kuwa mume wangu hatatoka nje na shati lenye makunyanzi. Mume wangu hakubeba shati hata moja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kuta. Hosteli yetu ya kwanza ni ya mama mmoja tunayemwita Mama Taulo, kwa sababu hakuazimi taulo mpaka umwachie kiatu kimoja. Ina bweni la wanawake na bweni la wanaume, katikati ukuta wa mbao. Nilimtolea cheti chetu cha ndoa. Alikisoma chote, akakisifu mhuri, akanirudishia, akasema, "Cheti kizuri, mwanangu. Wanawake kushoto."

Mwanao aliponiona nakaribia kulia alininong'oneza kwamba vitanda vyetu vimepakana, mbao tu ndizo katikati. Nigonge mara mbili, naye atagonga mara mbili, maana yake usiku mwema mke wangu. Sijawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Taa zilipozimwa nikagonga, na nikajibiwa. Nililala kiganja kikiwa kwenye ubao. Kesho yake vivyo hivyo. Siku iliyofuata nikazidisha, nikagonga mara tatu, maana yake nakupenda, ingawa hatukuwa tumepatana hivyo. Zikarudi tatu, polepole, kwa adabu sana.

Asubuhi, kwenye chai, nikamwambia mume wangu kwamba vidole vyake vina maneno matamu kuliko mdomo wake. Akanitazama. Kumbe tangu usiku wa kwanza alihamishiwa kitanda cha mlangoni, kwa kuwa miguu yake ilikuwa inaning'inia kwenye njia. Alikuwa akigonga ubao wa huko, ambao nyuma yake ni stoo ya magodoro, hajibiwi, akadhani nimenuna. Aliyekuwa akinijibu mimi ni mzee mmoja mstaafu wa posta anayetembea visiwa peke yake. Alikuwepo pale pale mezani, anachovya mkate kwenye chai. Akasema, "Nilidhani ni utaratibu wa hosteli, mwanangu. Nikasema moyoni, utaratibu mzuri huu."

Kwa hiyo ukuta mwembamba umenifanya nimtamkie mapenzi mstaafu wa posta ndani ya wiki yangu ya kwanza ya ndoa. Chumba cha nyuma na chumba chako, Mama, vimetenganishwa kwa mbao. Sina la kuongeza.

2. Kuhusu bafu. Unamjua mwanao, umemzaa. Hawezi kusikia koki inadondoka akatulia. Mimi mwenyewe nilimpata hivyo, akija kwenye duka la vifaa nilikokuwa nauza kununua washa, vile vipete vya mpira vya koki, moja moja wakati angeweza kununua pakiti nzima, mpaka bosi wangu akamuuliza kama anatengeneza bomba au anachumbia. Katika kila hosteli tuliyofika bomba la mvua lilikuwa na kasoro, na kabla hatujafungua mabegi tayari wageni wote walikuwa wanamwita Fundi. Sehemu kubwa ya fungate yangu nimeipitisha nikizungumza na miguu miwili inayotokeza chini ya sinki. Wenzangu wakienda kuogelea baharini, mimi nampitishia spana. Siku moja nikimmulikia tochi alitoka huko chini na grisi puani, akasema tangu aanze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kummulikia pale pale anapotaka kuona bila kuambiwa. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia kwa furaha. Hilo si lalamiko, limeniponyoka. Naomba lisihesabiwe.

Linalohesabiwa ni hili: koki ya bafuni kwako imefungwa mpira wa tairi tangu mimi ni mchumba. Tukihamia kwako sitamwona tena mume wangu kuanzia kiunoni kwenda juu.

3. Kuhusu friji. Katika kisiwa cha pili tulinunua nanasi, nikalikata vizuri, nikaliweka kwenye friji ya wote na karatasi: "La Bibi na Bwana Harusi. Tafadhali msiguse." Jioni nusu haikuwepo, na chini ya karatasi yangu mtu ameandika, "Hatukugusa, tulitumia uma. Hongereni." Pembeni waliacha mayai mawili ya kuchemsha. Kwa kutetea haki nikala mayai yao, na kwa hasira nikala pia maziwa mgando ya mtu mwingine, ambaye aliponikuta na kijiko mdomoni aliuliza tu kama naongezea sukari. Baada ya hapo nilichanganyikiwa kabisa. Leo nakula papai la mtu nisiyemjua, yeye anatumia majani yangu ya chai, na pasi yako imekwisha kuzunguka mabweni yote. Binti mmoja anayelala kitanda cha juu yangu, tunayemwita Ghorofani, aliyekuwa akihangaika kisiwa hadi kisiwa kutafuta kazi ya mapokezi, aliitumia kunyoosha blauzi ya usaili. Amepata kazi. Alinikumbatia kana kwamba nimemwajiri mimi. Unaona hatari yake, Mama. Mtu akikaa hivi anaanza kutojua chake kinaishia wapi.

4. Kuhusu ugomvi. Mke na mume wana haki ya kugombana faraghani. Ugomvi wetu wa kwanza tumeufanya jikoni kwa Mama Taulo, ambako tumerudi kusubiri boti ya kurudi nyumbani. Mvua ilikuwa imewafungia watu wote ndani. Ugomvi wenyewe ulikuwa kuhusu chumba hicho ulichotuandalia. Mume wangu alisema wewe umeshatoa cherehani, nami nikasema sikukuomba uitoe, sauti ikapanda, na mzee wa posta akasogeza kikombe chake karibu ili asipitwe.

Ndipo Ghorofani, bila kuulizwa, akasema, "Dada, kwani huyo mama mkwe wako ana kasoro gani?"

Nilikuwa na kasoro zako nyingi, Mama, nimezipanga kichwani tangu uchumba. Nikafungua mdomo. Iliyotoka ni moja tu: kwamba kila unapotaka kuingia chumba nilichomo, hata kama mlango uko wazi, unasimama kwanza, unakohoa.

Mama Taulo alikuwa anachagua mchele, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Miaka yote hii watu wanaingia humu bwenini, hakuna aliyewahi kunikoholea. Huyo akikosa mkwe aniambie, nihamie mimi."

Wakacheka, hata mimi nikacheka, ila mume wangu hakucheka. Alikuwa anakwangua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Akasema taratibu, "Dada yangu akishahama, Mama atamkoholea nani?"

Nilimnyang'anya ile sufuria nikaisuuza upya. Lakini kushindwa mbele ya watu si sababu ya kuhama nyumba, na ndiyo maana nakuletea lalamiko la mwisho.

5. Kuhusu kuzoeana. Hili ndilo baya kuliko yote. Hosteli inakupa watu usiowataka, halafu inakufanya uwatake. Kila tulipoondoka mahali nililia kwenye boti kwa ajili ya watu ambao juzi yake niliwachukia kwa kukoroma. Mzee wa posta, kila tukikutana naye katika kisiwa kingine, hugonga meza mara mbili badala ya kusema habari za asubuhi, na mume wangu humjibu. Wameanza kunitania wakiwa wawili. Ikiwa wageni wa siku tatu wanaweza kunifanyia hivi, nyumbani kwako, ambako hakuna tarehe ya kuondoka, nitakuwaje? Nitakuzoea, Mama. Nitaanza kukusikiliza ukifunga cherehani jioni. Siku usipokohoa nitaamka kuangalia kulikoni. Sikuolewa ili nipate watu wawili wa kuwahofia.

Kutokana na hoja hizo, naomba rasmi yafuatayo. Tupange nyumba ya peke yetu, yenye ukuta wa matofali, bafu lisilovuja, na friji ambayo mtu wa nje hawezi kuifungua. Iwe mbali na kwako, na mbali na kwetu pia nisionekane napendelea. Ikiwezekana isiwe na majirani. Ukitaka kututembelea ututaarifu kwa maandishi, nasi tutakaa kikao, mimi na mwanao huyu uliyenizalia, tukujibu. Na mapazia yabaki na mpangaji, ingawa naomba awe mtu anayeipenda njano kwa dhati.

Natumaini utanielewa kama mama na kama fundi, unayejua kwamba nguo isiyomkaa mtu hairekebishwi kwa kumlazimisha mtu. Msalimie wifi, umwambie nampongeza kwa uhamisho ingawa ndio ulioleta balaa hili. Wasalimie wanafunzi wote wa cherehani, na yule anayeshona mifuko kinyumenyume pia. Msalimie paka. Mume wangu anasalimu, yuko chini ya sinki.

Ni mimi, kwa utii wote usiohusu chumba,

Mkaza mwanao

Tanbihi: Hayo ya juu niliyaandika jana mchana, kabla hatujapewa chumba cha peke yetu. Mama Taulo anacho kimoja, juu ya stoo, na kwa kuwa mwanao amemtengenezea tangi, ametupa tulale humo kama zawadi ya harusi. Kina ufunguo. Kina ukuta wa matofali. Nilifunga mlango, nikauegemea, nikasema, "Hatimaye." Mume wangu naye akasema, "Hatimaye." Tukakaa kitandani tukitazamana, na naapa, Mama, hakuna mwanamume mwenye nyusi nzuri kama zake. Akanisimulia habari ya bomba lililopasuka sokoni, ambayo naijua. Nikamwonyesha albamu ya harusi, ambayo na yeye alihudhuria. Kisha huko chini jikoni watu wakaangua kicheko, na sisi tukainua vichwa kwa pamoja. Nikasema labda nishuke kuazima chumvi. Akasema chumvi tunayo. Nikasema najua.

Tulishuka wote wawili na sufuria yetu. Mzee wa posta alikuwa ameshatuwekea nafasi kwenye benchi.

Tuliporudi juu kulala niligonga ukuta mara mbili, kwa mazoea, mume wangu akiwa hapa hapa ubavuni. Matofali hayajibu, Mama. Ndipo nikajua ile sentensi yangu ya kwenye simu ilitakiwa iishie wapi.

Mpangaji mwambie chumba kina wenyewe. Cherehani usiihangaikie, itarudi ndani, tutapishana nayo. Koki ya bafuni usiifungue ule mpira, mwanao ana washa mfukoni na anataka mimi nimmulikie. Wifi amenidokeza kwamba pasi yako ya zamani imeungua na unaazima kwa jirani, wakati mpya umetupa sisi. Usiazime tena, ninayo mgongoni. Na ukisikia mbao za chumba chako zimegongwa mara mbili, si panya. Naomba unijibu. Tunafika, na mabegi yote mawili, kabla mwezi haujaisha.